Asilimia Tatu Iliyobaki

Jumatatu, 7 Oktoba. Musoma.

Diski mpya zimefika leo saa nne asubuhi kwa lori kutoka Mwanza. Ziko nne, kila moja imezungushiwa povu jeupe. Mzee Rafaeli alitia sahihi, akazipapasa kama anayekagua ndama mnadani, akasema, "Hizi zitatuzika sote." Nikacheka. Yeye hakucheka.

Mama Eufrasia, mkuu wetu, anataka kila hatua ya uhamishaji iwe na kumbukumbu. Ripoti atapata kwenye fomu zake. Hapa nitaandika yale ambayo fomu haina nafasi yake.

Tuko watu watatu na mashine moja kubwa, ya zamani, inayofanya kazi za watu wengi wa mkoa huu: orodha za wanafunzi, wateja wa maji, majibu ya maabara. Mwezi uliopita ilisimama saa tatu nzima kwa sababu diski zilijaa. Vitu viwili huzijaza. Cha kwanza tunakiita kurasa: mashine ikizidiwa na kazi, inaweka pembeni kwenye diski yale isiyoyahitaji kwa wakati huo. Cha pili ni foleni: kila kinachosubiri kuchapwa, kiwe cha hapa, cha Bunda au cha Butiama, kinakaa pale mpaka printa yake ikiite. Ukizima mashine, kurasa zinapotea. Foleni haipotei. Barua iliyokuwa inasubiri jana, leo bado inasubiri.

Alhamisi, 10 Oktoba

Kurasa zote zimehamia kwenye diski mpya huku watu wakiendelea na kazi. Hakuna aliyepiga simu kulalamika.

Ijumaa, 11 Oktoba

Zamu ya foleni. Nimeziingiza diski mpya, nikaiamuru ile ya zamani isipokee tena kitu, imalize tu ilivyo navyo. Inaanzia asilimia arobaini na moja. Ikifika sifuri tunaing'oa.

Jumatano, 16 Oktoba

Kumi na mbili. Mvua ya kwanza ya vuli imenyesha Bunda. Mama yangu amenipigia kutoka kwake Kabasa, hukohuko Bunda, kuniambia bati limevuja tena. Huku kwetu bado mawingu tu.

Ijumaa, 18 Oktoba

Tatu.

Jumatatu, 21 Oktoba

Tatu.

Jumanne, 22 Oktoba

Tatu. Nimeomba mashine inionyeshe kilichobaki kwenye ile diski. Imeniletea orodha tupu. Nimeomba tena kwa njia nyingine. Tupu. Diski inasema kuna kitu ndani yake, orodha inasema hakuna.

Nimemwita Mzee Rafaeli aone. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi hii nilipoajiriwa, na kwa miaka minane sijawahi kumuuliza swali akakosa jibu. Aliangalia skrini.

"Achana nayo," akasema. "Diski za zamani zinakuwaga na mabaki."

"Mabaki ya nini, mzee?"

"Mabaki tu."

Akarudi kwenye kiti chake. Mkanda wake ameutoboa tundu jipya. Ncha yake inaning'inia karibu kufika pajani.

Alhamisi, 24 Oktoba

Wadudu wa ziwani wameinuka. Kuanzia asubuhi nguzo nyeusi zimesimama juu ya maji, kama moshi wa moto usiokuwepo. Upepo ulipogeuka waliingia mpaka kwenye chumba cha mashine. Nimekung'uta vichujio vya hewa mara tatu. Wanatoka kama majani ya chai yaliyolowa.

Asilimia nne.

Nimeandika vizuri. Jana tatu, leo nne. Diski niliyoikataza kupokea imepokea.

Ijumaa, 25 Oktoba

Nimesoma kumbukumbu ya amri zote za wiki. Jana, saa saba na dakika kumi mchana, kuna mtu aliifungua tena diski ya zamani ipokee kazi kama kawaida. Amri imeandikwa jina la aliyeitoa: MASHIMBA.

Mashimba alikuwa mwendeshaji mashine hapa. Alikufa maji mwaka 2017, upande wa Makoko. Nilikuwa na mwaka mmoja kazini. Nilikuwepo walipomtoa, nilikuwepo walipomzika.

Jina lake halikufutwa kwa sababu kuna kazi za usiku alizoziandika yeye, na mashine inaziendesha kwa jina lake mpaka leo. Hilo nalijua. Lakini amri hii haikuwa kazi ya usiku. Iliandikwa kwa vidole: kuna herufi ilikosewa, ikarudiwa.

Nimeifunga tena diski. Sijamwambia mtu.

Jumatatu, 28 Oktoba

Saa saba na dakika kumi. MASHIMBA.

Jumanne, 29 Oktoba

Saa saba na dakika kumi. Nilikuwa kwa mama lishe, naagiza wali na sato. Niliangalia saa kwenye simu, chakula kikanishinda.

Ijumaa, 1 Novemba

Nimemweleza Mama Eufrasia kwamba kuna mtu anaingia kwenye mashine kwa jina la Mashimba. Akaniuliza kama ni Mzee Rafaeli anaanza kuchanganyikiwa. Amebakiza miezi mitano astaafu. Nikamtetea. Nilisema mzee anaumwa tu. Kwa kweli nadhani anakunywa: macho yake yamekuwa ya njano kama mafuta ya ubuyu, anajikuna mikono, mchana hali tena na sisi.

Mama Eufrasia amenipa ruhusa mbili. Nilifunge jina la Mashimba lisiweze kuingia kwa mkono, na kuanzia wiki ijayo nipate haki kamili ya kuona kila kitu kilichomo kwenye foleni, cha yeyote.

Jumatatu, 4 Novemba

Jina nililifunga saa tatu asubuhi. Mchana sikwenda kula. Nilikaa peke yangu mbele ya skrini, milango wazi, jua kali nje, watoto wa shule wanapita barabarani wakipiga kelele.

Saa saba na dakika kumi: MASHIMBA AMEKATALIWA.

Saa saba na kumi na moja: MASHIMBA AMEKATALIWA.

Saa saba na kumi na mbili: tena. Halafu kimya.

Skrini iliyotumika ilikuwa ya stoo ya karatasi, mwisho wa korido, hatua ishirini kutoka nilipokaa. Nilisikia kiti kikisogezwa. Ningeweza kuinuka. Naandika ukweli: sikwenda. Niliweka mikono mapajani nikasubiri mpaka Mama Eufrasia aliporudi na kelele zake za viatu.

Jumatano, 6 Novemba

Haki kamili imefunguka leo. Orodha siyo tupu. Zipo arobaini na nne.

Zote zinaitwa BARUA. Zote zimezuiliwa kwa mkono tangu Desemba 2015, baadaye zikafichwa zisionekane na mtu yeyote isipokuwa mwenye jina la Mashimba. Arobaini na tatu zimeandikiwa printa ya Butiama iliyokuwepo zamani, moja imeandikiwa printa yetu ya stoo, ambayo siku hizi ni boksi la kuwekea mifagio juu yake. Hakuna printa itakayoziita hata mashine ikiwaka miaka mia.

Yaliyomo sikuyasoma. Haturuhusiwi kusoma barua za watu. Niliona ni mabaki, kama mzee alivyosema, ya printa iliyobadilishwa jina. Nikazielekeza zile arobaini na tatu kwenye printa ya sasa ya Butiama, nikaziachia. Zilitoka kwa dakika sita. Butiama mvua ilikuwa inanyesha. Mtandao ulikatika mara moja ukarudi.

Asilimia moja.

Nilipomwambia Mzee Rafaeli, alikuwa amesimama. Akakaa. Akaniuliza, "Zote?" Nikamjibu, "Zote za Butiama." Akaomba ruhusa akaenda nyumbani.

Jumatatu, 11 Novemba

Nitaandika kwa utaratibu ili nisikosee.

Saa mbili na nusu amenipigia Jenoveva, karani wa kituo cha damu cha Butiama. Nimezoea sauti yake. Huwa anachekaga kabla hajasema shida yake. Leo hakucheka.

"Dada Ghati, mmetutumia nini?"

"Barua za foleni. Zilikuwa zimekwama. Kwa nini?"

"Mimi wiki iliyopita nilikuwa likizo. Aliyekuwa ananishikia ameziona zina tarehe ya siku ileile pale juu, akazikunja, akawapa wenyeviti wa vitongoji wazisambaze. Dada, hawa watu wengine tulishawazika."

Akanisomea moja. *Ndugu, unaombwa kufika kituoni mapema iwezekanavyo kwa ajili ya majibu ya damu uliyochangia. Tafadhali usichelewe.* Ndani hakuna mwaka. Tarehe ya juu huwekwa na printa siku inapochapa.

"Kuna mama amekaa kwenye benchi tangu saa moja asubuhi," akaendelea. "Anaitwa Marieta. Barua ni ya Chrispin, mtoto wake. Chrispin alikufa mwaka 2019. Nimemwambia mama, samahani, ni kosa la mashine, nenda nyumbani. Anasema: mmemwita, hawezi kuja, nimekuja mimi. Nipeni majibu yake."

"Chrispin alikufa na nini?"

Nilisikia mvua kwenye bati la Butiama kupitia simu.

"Ini," akasema Jenoveva.

Nikakata simu nikafanya nisichoruhusiwa kufanya. Niliyafungua majibu yenyewe kwenye kumbukumbu za maabara, moja baada ya jingine. Arobaini na tatu walichangia damu Butiama Novemba 2015. Wote damu yao ilionekana ina kirusi cha homa ya ini. Ugonjwa huo unaweza kukaa kwa mtu miaka kumi bila kumuuma popote, huku unamla ini. Dawa ya kuuzuia ipo. Kinachotakiwa ni mtu ajue kwamba anao.

Hakuna aliyeambiwa.

Nikatembea zile hatua ishirini mpaka stoo. Mzee Rafaeli alikuwa ndani, amekaa kwenye maboksi ya karatasi mbele ya skrini iliyozimwa. Saa ilikuwa bado ya tano asubuhi.

"Ni wewe," nikasema.

"Ni mimi."

"Tangu lini?"

Alieleza bila kunitazama. Desemba 2015 radi iliipiga printa ya Butiama. Mkuu wa wakati huo, ambaye alishahamishwa, akamwambia azizuie barua zote za damu mpaka printa ipone. Haikupona; mwezi wa tano ikaja nyingine yenye jina jingine. Yeye akasahau. Mkuu akasahau. Mwaka 2019 alikwenda Butiama msibani, kwa kijana ambaye alikuwa anamfahamu kidogo, akasikia wanawake jikoni wakisema ni ini.

"Nikarudi nikaangalia foleni. Nikaona jina lake."

"Chrispin."

Akaitikia kwa kichwa. "Mwanangu, nilitaka kuziachia siku ileile. Nikaona watauliza: zilikuwa wapi miaka minne? Nikasema ngoja kwanza. Halafu kuzifuta nako nikashindwa, nikazificha. Nilikuwaga naingia mchana mkitoka, naziangalia kama zipo. Nikiona zipo, narudi kukaa. Na ile diski niliifungua isije ikafika sifuri mkaing'oa nazo."

"Kwa jina la marehemu!"

"Sikutaka langu lionekane. Mashimba hakuwa na cha kupoteza tena."

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Hakujitetea. Aliposimama alishika ukuta, na kwenye mwanga wa dirisha niliona tumbo lake limejaa maji huku mabega yamekwisha. Harufu ya pombe haikuwepo. Haijawahi kuwepo.

Jumanne, 12 Novemba

Mama Eufrasia ametaka barua zikusanywe na itangazwe kwamba mashine ilikosea.

"Ghati, fikiria ofisi. Watatufunga."

"Mama, waliokufa hatuwarudishi. Waliobaki bado wanatembea na kirusi."

"Unajua ni wangapi wamebaki?"

"Sijui. Ndiyo maana."

Nilimwekea mezani orodha ya majina. Akaisoma hadi chini, kidole kikifuata mstari. Alipofika kati akasimama kwenye jina la mwalimu aliyemfundisha mtoto wake. Alichukua simu akampigia mganga mkuu wa wilaya, akaomba kuonana naye leo hii. Niliona anaogopa sana, na bado alikwenda.

Jumatatu, 18 Novemba

Wiki nzima mimi na Jenoveva tumekuwa barabarani Butiama. Matope hadi vifundoni. Tunagonga, tunauliza jina, tunasubiri kuona ni nani atatoka. Kuna nyumba mtu mwenyewe anatoka ananawa mikono, anacheka. Kuna nyumba wanatazamana kwanza, nikajua kabla hawajafungua mdomo. Nyumba moja baba alikataa kushika barua. Alisema tangu ile ya kwanza iingie ndani, mke wake anaita jina la marehemu mchana kweupe, anamwambia ajiandae, wamemwita.

Mzee mmoja akaniuliza kama ni kweli kwamba mashine yetu inaongea na wafu. Nikasema hapana. Kisha nikakumbuka ile skrini ya tarehe nne.

Ijumaa, 22 Novemba

Waliokufa ni kumi na saba, sita kati yao kwa ini. Walio hai ishirini na sita. Tumewapata ishirini na watatu.

Mmoja alikuwa amehamia Kabasa, mitaa miwili tu kutoka kwa mama yangu. Anaitwa Evance, anachomelea mageti. Alitusikiliza miwani yake ya giza ikiwa bado usoni, kisha akaita ndani, "Justina, njoo usikie." Mke wake akatoka na mimba ya miezi tisa. Na yeye amepimwa leo. Kirusi anacho.

Jumapili, 24 Novemba

Justina amejifungua mtoto wa kike. Muuguzi alikuwa na chanjo ya homa ya ini tayari, akamchoma mtoto kabla hajamaliza saa tatu duniani. Evance amenipigia, alikuwa analia tu kwenye simu.

Jumatatu, 25 Novemba

Asilimia moja bado. Ni ile barua ya arobaini na nne, ya printa ya stoo. Katika pilikapilika nilikuwa nimeiacha.

Leo nimeielekeza kwenye printa yangu, nikaitoa. *Ndugu Rafaeli Mugeta, unaombwa kufika kituoni.* Siku ile ya 2015 alikuwa ameendesha gari la vifaa kwenda Butiama, na alichangia na yeye.

Kwa hiyo alipofungua foleni mwaka 2019 na kuliona jina la Chrispin, aliliona na la kwake. Hakwenda hospitali. Angeulizwa ameambiwa na nani.

Nilimpelekea mezani kwake. Nilidhani nitakuwa na hasira.

"Najua," akasema, kabla sijaifungua.

"Mzee, hata wewe mwenyewe?"

"Ningejitibuje mimi, Ghati, na wao nimewafungia?"

Nilimchukua kwa bajaji mpaka hospitali. Daktari amesema ini limechelewa sana, lakini dawa ameanza. Niliporudi ofisini diski ya zamani ilikuwa imefika sifuri. Niliing'oa peke yangu.

Jumamosi, 7 Desemba. Butiama.

Wazee wa vitongoji waliitisha kikao kwenye uwanja wa kituo. Mama Eufrasia alisema wazi kwamba kosa ni la ofisi yetu na kwamba uchunguzi umeanza. Mawingu yalikuwa yameshuka mpaka juu ya vilima vya mawe, na mchana ulikuwa mweusi kama jioni, ila mvua haikudondoka.

Mzee Rafaeli aliomba aseme. Nilimshika mkono mpaka mbele. Alieleza vilevile alivyonieleza stoo, bila kuruka kitu. Hakuomba msamaha. Alisema hajui unaombwaje.

Mama Marieta akainuka. Ni mwanamke mfupi, kitenge kimefungwa kifuani, ile barua ameikunja mkononi.

"Mtoto wangu alikaa miaka minne baada ya damu ile," akasema. "Ungeniletea hii, ningempeleka hospitali?"

"Ungempeleka, mama."

"Angepona?"

"Daktari anasema pengine angekuwa hai."

Kuna vijana upande wa nyuma walikuwa wameanza kusogea mbele; Mama Marieta aliinua kiganja, wakasimama.

"Unayo majina?" akamuuliza.

"Ninayo."

"Yasome. Yote. Tusikie nani aliitwa."

Mzee akatoa karatasi. Nikamshikia upande mmoja. Akasoma jina la kwanza, na kutoka katikati ya watu sauti ikajibu, "Yupo." Hakuna aliyepanga iwe hivyo. Akasoma la pili. Mwanamke akasema polepole, "Hayupo." Tukaendelea hivyo. Yupo. Hayupo. Hayupo. Yupo. Kwenye la Evance, mke wake aliinua mtoto juu watu wamwone. Kwenye la Chrispin, Mama Marieta alijibu mwenyewe, sauti imenyooka.

Alipomaliza arobaini na tatu, nikadhani ataikunja karatasi. Hakuikunja.

"Rafaeli Mugeta," akasoma.

Hakuna aliyejibu. Nilitaka kujibu mimi, nikaona si yangu kujibu. Upepo ulipita uwanjani, karatasi ikapigapiga kati ya vidole vyetu. Alikuwa amesimama pale mbele ya watu wote, mifupa na macho ya njano, na kwa kitambo kile kirefu sikuwa na hakika hata mimi.

Kisha Mama Marieta akamtazama usoni.

"Yupo," akasema.